Seti ya kufungia nzi niliyoagiza mpaka Kigoma: vyuma poa, manyoya hapana

Wadau wa ndoano habari zenu. Naanza na jibu kabisa kwa wale wasio na muda wa kusoma gazeti: kama unataka kufunga nzi wa kuvulia samaki anayeitwa kapi (nzi ni chambo bandia cha manyoya na uzi kinachofungwa kwenye ndoano), hii seti inunue kwa ajili ya jiliwa, kile chuma cha kubania ndoano, na vile vyuma vidogo vidogo, manyoya mpe mtoto achezee. Nimelipa elfu 95 bila nauli ya basi kutoka Dar, na ningekua naagiza leo ningechukua jiliwa peke yake na bobini mbili nzuri za kushikia uzi, hela inayobaki naingia nayo soko la Mwanga na chenji ya soda inabaki.

Jina la kampuni siliweki, haina maana, mana hizi seti ukizitafuta mtandaoni utaona zinafanana mpaka rangi ya boksi, kinachobadilika ni jina tu. Ukikuta boksi lina jiliwa nyeusi, mkasi mdogo, vipakti vya manyoya ya rangi kali na kidude cha plastiki chenye ndoano hamsini, basi tunaongelea kitu hichohicho.

Najua kuna mtu ataniuliza kapi wa wapi Kigoma hii. Kweli, Tanganyika hatuna kapi, tuna ndugu zake wa ukoo mmoja kama mbaraga, ila kapi mwenyewe yule mnene mwenye sharubu mbili mbili pembeni ya mdomo hayupo. Mimi nafunga kwa ajili ya Naivasha. Dada yangu kaolewa Kenya na shemeji anapeleka wageni ziwani kuvua kwa fimbo ya nzi, na pale Naivasha kapi ndo wamejaa, walionekana mle mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wakaja kua samaki wanaovuliwa kwa wingi sana. Sasa Kenya wanafunga nzi wa biashara tangu enzi za mkoloni na wanauza mpaka Uingereza, kwaiyo nzi kwao sio shida, shida ni kwamba wengi wanafungwa kwa ajili ya trauti, samaki wa maji ya baridi ya milimani anayepanda mpaka juu kufuata wadudu. Shemeji akawa analalamika kila tukiongea. 2024 serikali ilivyofunga ziwa letu kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 samaki wapumzike, sisi wa kushona nyavu Kibirizi tukabaki tunaangaliana, akanipigia akasema wewe mikono unayo, fundo unajua, agiza vifaa ujaribu mimi nitakurudishia hela. Ndo nilivyoingia.

Haya tuje kwenye mzigo.

Jiliwa, au vaisi kama mafundi wanavyoita, ni ile ya kubana ukingoni mwa meza kwa skrubu ya chini. Chuma ni kizito, taya zinajifunga ukikandamiza mkono wa nyuma. Meza yangu ni mbao nene ya mninga ikagoma kuingia kwenye kibanio, kwaiyo nikabana kwenye kipande cha ubao mwembamba na ubao nikaupigilia mezani, mwenye meza ya kawaida hatapata taabu hii. Ndoano namba 6 na namba 8 inazishika haswa, unavuta uzi mpaka unalia na ndoano iko palepale. Ukipanda kwenye ndoano nene za namba 2 taya zinaanza kuteleza, ila kwa kapi huko huendi sana, kazi kubwa iko kwenye 6, 8 na 10, na kwa ambaye ni mgeni namba ikiwa ndogo ndoano ndo inakua kubwa. Kitu kimoja inakosa, haizunguki. Nzi wa kapi kazi nyingi zinafanyika upande wa tumbo wa ndoano, kwaiyo kila mara unafungua taya, unageuza ndoano, unabana tena. Sio ugonjwa, ila ukifunga wengi utachoka.

Bobini sasa. Hapa ndo nilipotaka kurudisha mzigo. Bobini ni kile kishikio cha waya kinachobeba kibunda cha uzi, uzi unapita kwenye kijibomba chembamba unatokea mbele. Unafunga vizuri, unazungusha uzi raundi kadhaa, mkia umekaa, mwili umekaa, mara tap! Uzi umekatika na kila kitu kimefumuka. Unaanza upya, unakatika palepale. Mimi nyuzi ndo kazi yangu, uzi ukikatika kwa kuzidiwa nguvu ncha zinajisokota na kurefuka, huu ulikua umekatika ncha fupi kabisa, yaani umekatwa. Nikamulika kijibomba na tochi ya simu nikaona pale mdomoni wameacha ukingo haujasuguliwa, ukipitisha kucha inakwaruza. Dawa yake ni hii: msasa laini kabisa wa wale mafundi rangi za magari, kata kipande chembamba, kiviringishe kwenye njiti ya kiberiti, sugua mdomo wa bomba nje na ndani, alafu paka dawa ya meno kwenye uzi wa pamba, upitishe mle ndani uvute huku na huku kama dakika tano. Ukimaliza osha. Yangu tangu siku hiyo haijakata uzi tena, ila kifaa cha kulipia hela hakitakiwi kuja na kazi ya nyumbani. Zipo bobini zenye mdomo wa kauri, bei imechangamka kidogo, chukua hizo.

Mkasi ni mkali, hauna neno. Sindano ya kupakia gundi ni sindano tu. Koleo dogo la kushikia unyoya linashika. Kile chuma kilichopinda cha kumalizia fundo kinafanya kazi yake lakini mimi namaliza kwa vidole, na yeyote aliyewahi kushona nyavu atamaliza kwa vidole.

Alafu manyoya. Aisee. Pakti la kijani cha chokaa, pakti la pinki, pakti la njano, nyuzi za kung'aa za dhahabu na fedha, manyoya ya tausi, vishanga. Ukifungua boksi mezani watoto wa nyumba nzima wanakusanyika. Kapi akiviona anahama ziwa.

Nieleze kidogo kwanini, mana bila kumwelewa kapi huwezi kuchagua nzi wake hata ukipewa duka zima. Huyu mdomo wake unaangalia chini na unarefuka kwenda kwenye tope. Anatembea kichwa chini mkia juu, anavuta tope na vilivyomo, anachuja, anachotaka kinaenda nyuma, asichotaka anakipuliza nje, ni kama mtoto anayeonjeshwa dawa ndani ya uji, hujakaa sawa ameshaitema. Meno ya mdomoni hana, anayo kooni, huko ndo anasagia konokono na maganda. Kwaiyo nzi wako hatafukuziwa mita kumi kama anavyofukuziwa na kibebe, samaki mwindaji wa huku kwetu. Lazima nzi awe ameshatua chini, pale pale sharubu zinapopita, aonekane mdudu mnyonge anayejikongoja kwenye tope, awe laini akifyonzwa, na ndoano iwe imeangalia juu isinase majani. Rangi za kazi ni kahawia, kijani kilichofifia, nyeusi na ile nyekundu ya kutu. Naivasha kuna kamba wa maji baridi wale wekundu wa Marekani, waliletwa mwaka 1970, wamezaana mle mpaka basi, kwaiyo rangi ya kutu pale inaeleweka. Na tope la maziwa lina vile viluwiluwi vyekundu vya usubi, hivyo nyuzi mbili za sufi nyekundu kwenye ndoano namba 10 ni chakula tosha.

Ndoano za kwenye seti usizitumie. Nimechukua moja nikaibana kwenye jiliwa nikaivuta kwa koleo, imenyooka taratibu bila hata kukasirika. Kapi wa kilo nne tano hana haraka, anakokota tu, anakokota, na hiyo kukokota ndo inanyoosha waya mwembamba. Unahitaji ndoano fupi ya waya mnene. Kwenye maduka ya zana za uvuvi hapa kwetu ndoano zipo nyingi lakini ni za mshipi wa migebuka na sangala, na nilizozikuta nyingi kichwa ni bapa hazina tundu, kwa nzi zinasumbua. Ndoano ndo kitu pekee ambacho shemeji ananitumia kutoka Nairobi.

Vingine vyote, narudia vyote, viko Kigoma. Manyoya ya jogoo mwekundu na mweusi nenda kwa wachinja kuku asubuhi, wanakupa bure wanakushangaa, chagua ya shingoni na mgongoni yale marefu membamba, osha na sabuni ya unga, anika kivulini. Ngozi ya mbuzi kipande kidogo kwa muuza nyama, nywele zake za rangi ya kahawia ni mkia mzuri sana. Sufi za kufuma vitambaa vya makochi, chukua kahawia, kijani cha jeshi, nyeusi, na ile rangi ya matofali. Kwa fundi wa kurudishia waya mota na feni kuna waya wa shaba mwembamba anautupa, huo unaufunga juu ya mwili wa nzi asichanwe na meno ya kooni ya kapi, na ukiuzungusha chini ya sufi unaongeza uzito. Wa risasi uliokuja na seti nao ni mzuri, huo nimeutumia, niwe mkweli.

Uzi wa cherehani wa kawaida ni mnene, kichwa cha nzi kinavimba. Muombe fundi cherehani ule wa ovaloki, ni mwembamba zaidi ingawa una vinywele, unaupaka nta ya nyuki inatulia. Na nta ya nyuki ndugu zangu wa mkoa huu na Tabora hatuwezi kuililia. Gundi ya kichwani ni rangi ya kucha ile isiyo na rangi, ila mwache nzi akae siku nzima harufu iishe kabisa, kapi ana pua kali na hapendi harufu za dukani. Ukiwa umetoka kujaza mafuta kwenye injini ya boti usishike nzi kabla ya kunawa.

Macho. Hapa ndo nataka wanaoanza wanisikilize. Ule mnyororo wa vishanga vya chuma unaoshikilia kizibo cha sinki, duka la vifaa vya ujenzi wanauza kwa urefu, kata vishanga viwili viwili kwa koleo, hayo ndo macho. Yanafungwa kwa uzi wa msalaba, raundi nane huku, raundi nane huku, kisha raundi za mduara chini ya vishanga zikaze ule msalaba, tone la gundi. Ukiyafunga upande wa mgongo wa ndoano, uzito unaipindua ndoano yenyewe majini na ncha inaangalia juu. Mbinu hii ya macho mazito ilisambaa sana kwa nzi wa Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980, yeye alikua hataki kapi, alikua na samaki wengine kabisa wa mto Susquehanna, lakini watu wa kapi wakaidaka na hawajaiachia. Jirani yake wa jimbo hilohilo, Russell Blessing, 1967 alikua ameshafunga yule nzi mwenye mkia wa manyoya laini na unyoya wa jogoo umezungushwa mwilini, anaitwa Woolly Bugger, na huyo ukimpunguza urefu ukamwekea macho ya mnyororo una nzi wa kapi tayari.

Wa kwangu ninaofunga sana uko hivi. Ndoano namba 8 fupi. Macho ya mnyororo karibu na tundu, usiyasogeze mpaka mwisho, acha nafasi ya kichwa. Mkia nywele za mbuzi, ncha chache tu, urefu usizidi nusu ya ndoano kwa sababu kapi anafyonza, mkia ukiwa mrefu anafyonza mkia anatema na ndoano iko nje. Mwili sufi rangi ya kutu, lakini usiizungushe kama ilivyo, ifumue kwanza kwa vidole iwe nyuzinyuzi, ipachike kwenye uzi uliopakwa nta, ukiviringisha inakua kamba yenye manyoya manyoya, hiyo ndo unazungusha. Ikishakaa, chukua mswaki wa zamani uichambue, nyuzi zisimame kidogo, majini zinapumua zenyewe bila wewe kuvuta. Raundi mbili za unyoya wa jogoo mwekundu nyuma ya macho, mbili tu, ukiweka nyingi nzi anaelea kama mwavuli... samahani, anashuka polepole hata mgeni akasahau yuko ziwani. Waya wa shaba, fundo, rangi ya kucha, mwisho.

Kabla ya kumtuma Naivasha anapita kwenye dumu. Nina dumu la maji ya kunywa la lita ishirini lile la kuona ndani, nimelikata juu, najaza, nadondosha nzi huku natazama kwa pembeni. Naangalia vitu vitatu, anatuaje, ncha imeangalia wapi, na akifika chini anasimama au analala ubavu. Anayelala ubavu nafumua. Hili dumu limenifundisha kuliko video zote nilizoangalia, mana kwenye video nzi yuko mkononi mwa mtu, kapi hajawahi kumuona nzi akiwa mkononi mwa mtu.

Mzigo wa kwanza niliweka macho ya risasi yaliyokuja kwenye seti, yale makubwa, shemeji ndo alitaka kitu kizito, na majibu yake kwenye voisi nouti yalikua "bro hii yako inaanguka pwaa, samaki wote wanahepa, leta ile nyepesi". Kule kando ya mafunjo maji ni ya magotini mpaka kiunoni, kapi anasikia kishindo vizuri sana, kibofu chake cha hewa kimeunganishwa na sikio kwa vijifupa, kwaiyo kitu kizito kikidondoka karibu ameondoka na wenzake. Macho ya mnyororo wa sinki yakatatua. Yale ya risasi yabaki kwa maji ya kina au yenye upepo na mawimbi. Na kwa maji ya kwenye vifundo vya miguu ondoa macho kabisa, raundi chache za shaba zinatosha. Kwaiyo mtu akikuuliza nzi gani mzuri wa kapi, mwambie aseme kwanza maji yana kina gani. Rangi mtabishana baadae.

Wageni wa shemeji sasa wanaomba ile ya kutu kwa kuionyesha kidole, na kuna mzee mmoja Mwingereza ameondoka nazo kwenda kujaribu kwao, majibu bado.

Huku nyumbani nzi zangu nyeusi nimezitupa kwenye mawe ya Katonga, kuhe akachukua. Sio kazi yake nzi huyu, kuhe ni mwindaji anataka kitu kinachokimbia, ila alivyopita karibu akaona afanye hisani. Vijana waliokua wanaosha mitumbwi walicheka sana hiyo fimbo inavyochapa hewa, mmoja akaniuliza mzee unafukuza inzi au unavua. Baadae alivyoona kuhe akaomba kushika.

Turudi kwenye manunuzi. Kama unaanza kabisa na hutaki kuzunguka, seti itakuanzisha, msasa wa bobini nimeshakuambia, ndoano weka pembeni. Kama una mtu Nairobi au Arusha anayeweza kukuchukulia jiliwa peke yake, fanya hivyo, na ukiweza ongeza hela kidogo upate ile inayozunguka. Muuzaji wangu alijibu meseji haraka kabla ya kulipwa, nilivyomtumia picha ya mdomo wa bobini akanyamaza mpaka leo. Mzigo wenyewe ulifungwa vizuri, haukupasuka kitu, na ulifika na kila kilichoandikwa kwenye tangazo, hilo nampa.

Nyota tatu. Mbili za jiliwa, moja ya mkasi. Anayetaka zile pakti za pinki na njano aje Kibirizi pale kwenye banda la nyavu, nampa bure.